Filamu iliyomfanya baba watoto aseme ukweli kuhusu foleni ya Tunduma

Mume wangu ni dereva wa lori la mafuta. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka 23, kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, na safari nyingine anavuka hadi Lubumbashi. Katika miaka yote hiyo sikumbuki kumsikia akisema kwamba anaogopa kitu. Nilimsikia mwezi uliopita, saa nne usiku, sahani ya wali ikiwa mapajani, mbele ya filamu ya Kifaransa ya mwaka 1953 ambayo hata rangi haina.

Naomba nianzie mbali kidogo, maana hata filamu yenyewe haina haraka.

Kijana wetu wa kwanza ana miaka 19. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, na tangu mwaka jana wimbo wake ni mmoja: anataka kuwa utingo. Si utingo wa lori lolote. Anataka kupanda na baba yake, ajifunze njia, kisha naye ashike usukani. Baba yake anakataa. Hatoi sababu. Anasema hapana, halafu anaulizia chai. Mimi nimebaki katikati. Nikimuunga mkono baba, mtoto ananiuliza, "Sasa mama, nikae hapa nitazame ukuta?" Na mimi ni mwalimu, hilo swali nalisikia kwa wazazi wengi lakini jibu sina.

Kuna jambo jingine ambalo hatulisemi mezani. Madereva wenzake humwita mume wangu Bibi Harusi, kwa sababu anaendesha kana kwamba nyuma amembeba bibi harusi. Kijana alilisikia jina hilo akiwa mdogo, siku baba yake alipompeleka yadi kuona malori. Halijamtoka. Niliwahi kumsikia akimwambia mdogo wake kwamba yeye akianza kuendesha hakuna atakayemwita jina la kike.

Filamu alinipa mwalimu mwenzangu aliyesoma Kifaransa chuoni. Aliniwekea kwenye flashi akasema, "Mpelekee shemeji, ni ya madereva." Inaitwa Le Salaire de la peur, yaani mshahara wa hofu. Aliyeiongoza ni Henri-Georges Clouzot, akiitoa kwenye riwaya ya Georges Arnaud, na mwaka ule wa 1953 ilishinda tuzo kuu Cannes na Berlin pia. Haya yote niliyatangaza sebuleni kwa fahari ya mtu aliyejiandaa. Kijana akauliza swali moja tu: "DJ gani kaitafsiri?"

Hakuna DJ. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo DJ nilikuwa mimi.

Usiku wa kwanza tulishindwa. Saa nzima ya mwanzo hakuna lori linaloondoka. Kuna kijiji cha Amerika ya Kusini kinaitwa Las Piedras, joto, vumbi na madimbwi, mtoto anachezea mende aliowafunga kwa uzi, na wanaume wa Ulaya wamekaa barazani hawana la kufanya. Wamekwama. Nauli ya ndege ya kuondokea hawana na kazi ya kuipata nauli haipo. Kila mtu na lugha yake, Kifaransa, Kiitaliano, Kihispania, Kiingereza, Kijerumani, wanasikilizana kwa taabu kama pale mpakani. (Amerika yenyewe wala si Amerika. Clouzot alipigia picha kusini mwa Ufaransa, na mvua ikamchelewesha sana.)

Mkubwa wa hadithi ni Mario, ameigizwa na Yves Montand, ambaye siku hizo watu walimjua zaidi kama mwimbaji. Msitarajie shujaa. Mario hana kazi, hana senti, hana heshima kwa mtu na haamini chochote. Kitu pekee anachokitunza ni kipande cha tiketi ya treni ya chini ya ardhi ya Paris. Anaishi na Luigi, Mwitaliano mwashi, mtu mwema anayempikia, ambaye daktari amemwambia mapafu yamejaa saruji. Mara anafika Jo, mzee wa suti nyeupe, mbabe wa zamani kutoka Paris, na Mario anamtupa Luigi kama gazeti la jana. Kuna pia Linda, msichana anayepiga deki baa kwa magoti, anampenda Mario, naye humsukuma kando kila akimkaribia. Aliyecheza Linda ni Véra Clouzot, mke wa mwongozaji mwenyewe. Hapo nilinong'ona neno ambalo sitaliandika.

Baba watoto alishaanza kusinzia. Kabla hajalala aliuliza, "Hawa wote wanasubiri nini?"

"Kazi."

"Kama wale madeiwaka wa pale nje ya geti," akasema, akafumba macho. Kijana alikuwa kwenye simu yake tangu zamani. Nikazima.

Usiku wa pili nilianzia pale kisima cha mafuta kinapowaka moto.

Kisima kiko maili 300 kutoka kijijini, na ni mali ya kampuni ya Kimarekani. Moto wa namna ile hauzimwi kwa maji, unazimwa kwa mlipuko, na baruti iliyopo ni nitrogliserini, kimiminika kinachoweza kulipuka kwa kutikiswa tu. Magari maalumu ya kuibebea hayapo. Kuna malori mawili ya kawaida na madumu. Kampuni inatangaza dola 2,000 kwa kila dereva, madereva wanne, wawili kila lori.

"Maili 300 ni kilomita ngapi?" baba watoto akauliza.

Nikamwambia karibu 500. Akafikiri. "Hapa hadi Iringa," akasema, na kuanzia hapo hakusinzia tena.

Bosi wa kampuni pale anaitwa O'Brien. Anaulizwa na wenzake kwa nini awachukue wale wazururaji badala ya madereva wa kampuni. Jibu lake ni kwamba wazururaji hawana chama cha wafanyakazi na hawana familia, wakilipuka hakuna atakayekuja kumsumbua. Filamu ilipopelekwa Marekani ilikatwa sana, ilionekana inaisema vibaya nchi yao. Sishangai.

Nilitafsiri maneno hayo kama nilivyotafsiri mengine, haraka haraka, nisipitwe. Mume wangu akaacha kula.

"Wamejuaje kwamba hawana familia?"

Sikuwa na jibu. Luigi anataka kurudi kwao Italia. Linda yule pale anang'ang'ania mlango wa lori ili Mario asiondoke, na Mario anamsukuma hadi chini. Mjerumani Bimba, dereva wa nne, baba yake alinyongwa na Wanazi. Wote walitoka mahali.

Safari ilipoanza mambo yalibadilika sebuleni kwetu. Ile safari karibu haina muziki, ni injini tu. Malori yanafika kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja mawimbi kama bati. Madereva wanabishana: ama upite polepole kabisa kama unatembea kwa miguu, ama uende zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Katikati ya hapo unakufa. Kijana akaona ni uongo wa filamu.

"Si uongo," baba yake akasema kabla sijamaliza kusoma. "Ukienda mwendo wa katikati tairi linaingia kila shimo na kutoka. Ukikaza, tairi linagusa vichwa tu, gari linaelea. Lakini breki huna na usukani huna. Babu yako alinifundisha hilo."

Hapo kijana akaweka simu chini. Babu yake hakumkuta. Baba mkwe aliendesha malori ya mapipa ya petroli kwenda Zambia baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wake Novemba 1965, Zambia ilipokosa njia ya kupitishia mafuta. Bomba la TAZAMA lilikuwa halijajengwa, lilikuja mwaka 1968. Lami haikuwapo. Barabara ile ilikufa nayo watu wengi hadi Waingereza wakaipa jina la Jehanamu. Mume wangu alituhadithia hayo kwa dakika tano nzima, mtu ambaye akirudi kutoka safari ya wiki mbili husema "salama tu". Mimi nilikaa na rimoti nikiogopa hata kukohoa.

Kisha tukafika kwenye jukwaa la mbao.

Barabara ya mlimani ina kona kali, lori haliwezi kukunja kwa mara moja. Lazima lirudi kinyumenyume juu ya jukwaa la mbao lililosimamishwa juu ya korongo, ndipo likunje. Mbao zimeoza. Mario yuko kwenye usukani, Jo ameshuka kumwongoza kwa nyuma.

"Hiyo kazi ya utingo," kijana akasema, akakaa sawa.

Kweli ni ya utingo. Kusimama nyuma, kupiga bodi kwa kiganja, njoo, njoo, njoo, hapohapo. Utingo ndiye macho ya dereva. Jo anasimama pale, anasikia mbao zinavyolia, anatazama chini. Halafu anakimbia. Yule mbabe wa suti nyeupe anamwacha Mario peke yake juu ya korongo na kupotelea mlimani.

Kijana alicheka sana. "Mzee kimeo huyo! Suti yote ile, kumbe mwoga!"

"Simamisha kidogo, mama," mume wangu akaniambia.

Nikasimamisha. Picha ikaganda.

"Mimi nimewahi kushuka hivyo," akasema.

Wengi wenu mnakumbuka Agosti 10, 2019, Msamvu, Morogoro. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota petroli, likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Nyumbani kwetu hatukuiongelea sana ajali ile. Yeye alikuwa Zambia, nilimpigia, akasema ameshasikia, basi. Wiki iliyofuata alirudi, akapakia, akaondoka tena.

Kumbe safari ile alipita Msamvu akiwa na tanki limejaa petroli, akapita Mikumi, akapita Ruaha Mbuyuni wanapouza vitunguu, na alipofika chini ya mlima Kitonga akasimama. Alisema mikono ilikuwa kwenye usukani lakini haisikii. Akamwambia utingo anakagua matairi. Akachukua nyundo, akagonga tairi moja moja, akazunguka lori lote. Akazunguka tena. Alizunguka mara nne, na utingo akawa anamtazama. Kisha akaenda kukaa chini ya mti, akakaa hadi jua likazama. Malori yalikuwa yanapita, wenzake wanapiga honi, na yeye anawapungia mkono kama mtu anayesubiri fundi.

"Ukarudi ukaniambia foleni ya Tunduma," nikasema.

"Nilikwambia foleni ya Tunduma."

"Na siku nyingine?"

Akatazama sahani yake. "Foleni ipo kweli. Lakini si kila siku niliyosema ipo."

Hapa lazima niseme langu, maana ukurasa huu huwa tunawasema sana akina baba. Foleni ya Tunduma kila mke wa dereva anaijua. Malori hupanga mstari, siku zinapita. Lakini mimi nilikuwa nahesabu. Kwenye kalenda ya jikoni nilikuwa naweka nukta siku anayoondoka na siku aliyosema atarudi, na zile siku za katikati zisizo na maelezo nilizipa jina la mwanamke. Nilimweka Makambako, sijui kwa nini Makambako. Nilimpa umri, nilimpa hata duka la vitenge. Nilikagua simu yake akiwa anaoga. Nilimweleza dada yangu. Mara moja nilimwambia yeye mwenyewe ana kwa ana, na alinyamaza, na ukimya ule nikauchukua kuwa ndiyo ushahidi. Miaka sita nimemwonea wivu mwanamke wa Makambako, kumbe ni mti chini ya mlima.

"Kwa nini hukusema?" niliuliza.

"Nimwambie nani? Bosi? Nje ya geti wapo watu kumi wanasubiri ufunguo. Na wewe ningekwambia, ungelala?"

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaona heri niendelee na filamu.

Mario anafanikiwa kulitoa lori, jukwaa linaporomoka, kisha anamkuta Jo. Anamdhalilisha, anampiga. Na Jo anajitetea kwa maneno ambayo nayaona ndiyo yaliyoipa filamu jina lake. Anasema zile dola 2,000 si za kuendesha tu, ni za kuogopa pia. Ni mgawanyo wa kazi: wewe unaendesha, mimi naogopa.

"Rudia hapo," baba watoto akasema.

Nikarudisha, nikasoma tena polepole. Akatikisa kichwa kama mzee aliyesikia hukumu ya haki. Nikajiuliza, mshahara wangu na wake tunaujua hadi shilingi ya mwisho, ada, kodi, mchango wa harusi, lakini ile sehemu ya hofu nani anaipokea? Na aliyeogopa kwa niaba yetu, akirudi nyumbani tunampa nini zaidi ya kumuuliza kachelewa wapi?

Sehemu inayofuata nitaipita haraka kwa sababu mtu akiielezea sana anaiharibu. Lori la Luigi na Bimba liko mbele. Bimba ametoka kujinyoa ndevu, anapenda kuwa nadhifu. Nyuma yao, Jo anasokota sigara. Ghafla tumbaku inapeperuka kutoka kwenye karatasi, hakuna upepo. Kisha mwanga. Kisha sauti. Hatuonyeshwi mwili wala damu. Sisi tulirudisha mara mbili ndipo tukaelewa kwamba lori la mbele halipo tena, na Luigi hatarudi Italia.

Mahali walipolipukia pamebaki shimo, na bomba la mafuta limepasuka, shimo linajaa mafuta mazito. Lazima lori la Mario livuke. Jo anatangulia kwa miguu ndani ya mafuta akiondoa matawi, anakwama, anaanguka. Mario anamwona. Anapiga kelele atoke. Na hasimami. Tairi linapanda juu ya mguu wa Jo.

Binti yetu mdogo, ambaye nilidhani amelala, alipiga ukelele. Kijana alisimama kabisa. "Kwa nini hasimami? Si anamwona?"

"Akisimama amenasa," baba yake akajibu, sauti ya chini. "Kwenye tope hausimami. Ukishasimama, tairi linachimba, hutoki. Kwa udereva yuko sahihi."

Akanyamaza. Mimi nilidhani amemaliza.

"Ndiyo sababu sitaki utingo wangu awe mwanangu," akasema. "Utingo wangu ni mtoto wa mtu, nampenda, nikimwambia kaa pale anakaa, na mimi naendesha. Ukiwa wewe uko mbele ya tairi, mimi nitasimama. Nitasimama kila mara, hata pasipostahili kusimama. Na siku hiyo tutakufa wote wawili."

Mwaka mzima wa hapana, na sababu ilikuwa hiyo. Kijana hakujibu. Alikaa chini, lakini si kwenye kiti chake. Alikaa kwenye mkeka karibu na miguu ya baba yake, akaegemea kochi.

Jo anakufa kabla hawajafika, kichwa chake begani kwa Mario, wakikumbushana mtaa wa Paris walioujua wote wawili. Ni ajabu kwamba mkatili yule yule aliyemkanyaga ndiye anayembembeleza usiku kucha. Anafikisha mzigo. Moto unazimwa. Anapewa malipo yake pamoja na ya Jo, dola 4,000, na kampuni inataka kumpa dereva wa kumrudisha. Anakataa, atarudi mwenyewe, lori tupu.

Na hapo muziki unarudi. Redio ya lori inapiga ule wimbo maarufu wa waltz wa mto Danube. Kijijini habari zimefika, watu wanacheza wimbo uleule, Linda anazunguka na kuzunguka kwa furaha. Mario naye barabarani anacheza na lori, anayumba kushoto na kulia kwa kufuata muziki, anacheka. Kona moja. Kona ya pili. Anakosa kona, lori linaporomoka korongoni. Anaonekana chini amekufa, mkononi kashika ile tiketi ya treni.

Kijana alikasirika. "Filamu ya kijinga! Kashamaliza kazi, kalipwa, kisha wanamuua hivi hivi tu?"

Nami nilitaka kusema hivyohivyo. Nimesoma baadaye kwamba watu wengi tangu mwaka ule wa 1953 huulalamikia mwisho huo.

"Hapana," mume wangu akasema. "Hapo ndipo palipo na ukweli kuliko kote."

Akatueleza jambo ambalo madereva wa mafuta wanalijua. Tanki tupu ni baya kuliko lililojaa. Petroli ikiwa imejaa haina hewa ya kulipukia, lakini ukishaishusha, mvuke unabaki mle ndani ukichanganyika na hewa, na cheche moja inatosha. Watu wanakwenda na mashine ya kuchomelea kwenye tanki tupu wakidhani ni salama. "Na mtu ni hivyohivyo," akasema. "Ukiwa na mzigo unaogopa, unaangalia kila kona. Ukishashusha unakuwa mwepesi. Unaanza kuwaza nyumbani."

Kisha akainua mkono akaonyesha picha iliyo ukutani, juu ya televisheni.

Ni picha ya mahafali ya darasa la saba ya huyuhuyu kijana, mwezi wa tisa 2019. Yeye kavaa shati jeupe, amemshika mtoto bega, macho mekundu. Wageni wakiuliza huwa nawaambia alilia kwa furaha. Safari ile nilikuwa bado nina hasira ya kuchelewa kwake kwa mwezi uliotangulia, ile ya chini ya mti. Nilimpigia akiwa njiani kurudi, sikumbuki mara ngapi. Mwisho nikamtumia ujumbe, huo naukumbuka: usipofika kesho, usirudi kabisa.

Aliusoma akiwa Ilula, saa nane usiku, tanki tupu, amepanga kulala hapo na kuishuka Kitonga asubuhi. Hakulala. Alishuka na gia kubwa kuliko anayoitumia siku zote, na kwenye kona mojawapo tela lilivuta likamgeuza, akaona taa zake mwenyewe zinamulika hewa. Hajui lilirudije barabarani. Chini ya mlima alisimama akatapika. Saa saba mchana alikuwa nyumbani anaoga, na mimi nikamwambia, unaona, ukitaka unaweza kuwahi.

Sikusema neno sebuleni. Nilizima televisheni, na kwenye kile kioo cheusi nikawa bado namwona Linda anazunguka.

Aliondoka siku ya tatu yake, saa kumi alfajiri. Kijana aliamka mwenyewe kumbebea begi hadi kwenye bodaboda. Baba yake amemwambia akitaka malori aanze na VETA, umakanika wa magari makubwa, na baada ya hapo atamtafutia lori la dereva mwingine, mtu asiyemzaa. Kijana hajasema ndiyo. Fomu iko mezani, ameshajaza jina.

Kalenda ya jikoni nimeitoa. Kumwandikia kila baada ya saa tatu "umefika wapi" nimeacha, na nawaambia ukweli mkono unawasha. Siku ya kumi na mbili, usiku, ujumbe ulikuja bila kuulizwa: "Nipo Ilula. Tunduma hapakuwa na foleni. Nimechoka tu."

Nikamjibu: "Lala hapohapo. Utashuka kukicha."